Bao Lisilopigwa na Mtu

Nimefungwa mabao ya kila aina. Nimefungwa kwa kichwa, kwa penalti, na hata na beki wangu mwenyewe akijaribu kunirudishia mpira. Lakini bao lililonitoa machozi ya hasira ni lile ambalo hakuna mtu aliyelipiga. Mpira ulikuwa mikononi mwangu, nimeukumbatia kifuani, nikasikia watu wakipiga mayowe. Nilipoinua macho kutazama runinga iliyokuwa barazani kwa kaka yangu, nikasoma kwamba Maringo wametufunga.

Naitwa Sabrin. Ni kipa wa timu ya wasichana ya mtaa wa Mbotela. Kaka yangu Khalif ana duka la simu kati ya viwanja viwili. Upande mmoja kuna kiwanja kikubwa ambapo wavulana huchezea mashindano ya mitaa. Upande wa pili, nyuma ya ukumbi, kuna kiwanja kidogo chenye mteremko, ambacho mvua ikinyesha mpira hukimbilia goli la chini wenyewe bila kupigwa. Hicho kidogo ndicho tulichopewa sisi.

Miaka yote mabao ya mashindano hayo yalikuwa yanakaa kichwani mwa Mzee Sylvance. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati. Alifanya kazi baraza la jiji mpaka akastaafu, na hakuna aliyewahi kumnyima heshima yake. Lakini matokeo aliyotangaza Jumapili jioni hayakufanana kila mara na yale tuliyoyaona kwa macho. Ukibisha, alikuuliza, "Ulikuwa mwenyekiti wewe?" Mjadala ukaishia hapo.

Ndipo Celine Amondi akaleta kompyuta yake.

Celine ni jirani yetu. Tulisoma naye shule ya msingi, tukakaa dawati moja. Alipomaliza masomo ya kompyuta chuoni alikaa nyumbani akitafuta kazi, na wakati akitafuta aliandika programu ya kuhesabu mabao. Mtu mmoja anasimama kando ya kiwanja na simu, bao likiingia anabonyeza, na runinga ya Khalif inaonyesha. Kamati ilikubali kwa sababu vijana waliipenda. Mzee Sylvance alikubali kwa sababu kamati ilikubali.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Bao la kwanza likaingia, runinga ikaandika moja. La pili likaingia, runinga ikaandika moja. La tatu, moja. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Celine alikuwa ameinamia kompyuta, masikio yamemwiva.

"Niaje, Celo," nikamuuliza, "hiyo mashine haijui kuhesabu?"

"Inajua. Inasahau." Hakuinua kichwa. "Mabao nimeyaweka kwenye kisanduku. Darasani wanakiita variable, lakini ni kisanduku tu chenye jina, unaweka namba ndani. Sasa mimi nimekitengeneza ndani ya kazi ya kuongeza bao. Simu ikibonyezwa, kazi inaanza, kisanduku kinatengenezwa kitupu, kinawekwa moja. Kazi ikiisha, kisanduku kinatupwa. Bao lingine likija, kinatengenezwa kingine kitupu."

"Kwa nini kinatupwa?"

"Kwa sababu nilikizaa ndani ya kazi, na hakiwezi kuishi zaidi ya hiyo kazi. Ndivyo ilivyo. Kisanduku kinaishi kulingana na mahali ulipokiweka."

Akakitoa ndani ya ile kazi, akakiweka nje, na mbele yake akaandika neno moja: static. Aliniambia neno hilo linakifanya kisanduku kiishi kuanzia programu inapowashwa mpaka inapozimwa. Alipojaribu tena, runinga ikahesabu moja, mbili, tatu. Watu wakapiga makofi. Khalif akanunua soda.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri wikendi baada ya wikendi. Ilikuwa mechi moja kwa wakati mmoja, na kabla ya kila mechi Celine alirudisha mabao kwenye sifuri kwa mkono. Mechi ikiisha ilifutika kwenye runinga, na Mzee Sylvance alisimama kwenye benchi la kamati na kutangaza matokeo kwa mdomo wake kama zamani. Sidhani kuna aliyeona ubaya wowote.

Kisha sisi wasichana tukadai nafasi yetu.

Tulikuwa tumefanya mazoezi tangu mwanzo wa mwaka, kila mtaa una timu. Mimi na Waithera, kapteni wa Maringo, tukaenda mbele ya kamati. Mzee Sylvance akasema hakuna muda, kiwanja kimejaa mechi za wavulana. Celine alikuwa amekaa pembeni na kompyuta yake. Akasema, "Mzee, kile kidogo kiko wazi. Wacheze wakati mmoja na wavulana. Runinga itaonyesha mechi zote mbili, juu na chini."

"Inaweza?"

"Inaweza."

Alisema hivyo bila kusita, kwa sababu aliamini. Wanakamati wengine wakaona hakuna hasara. Tukapewa Jumamosi.

Jumamosi hiyo watu walijaa. Kwenye kiwanja kikubwa wavulana wa Mbotela walikuwa wanapambana na Jericho. Kwenye kidogo sisi na Maringo. Hooyo, mama yangu, ambaye hajawahi kuja kunitazama, alisimama nyuma ya goli langu na mwavuli. Kando ya kile kikubwa alisimama Owiti na simu, kijana wa Mbotela aliyekuwa ameumia goti. Kwetu alisimama mdogo wake Waithera. Celine alikuwa barazani kwa Khalif.

Tulianza sisi kufunga. Nikatazama runinga: Mbotela moja, Maringo bila. Lakini kwenye mstari wa juu pia, ule wa wavulana, ikaandikwa Mbotela moja, Jericho bila. Nikadhani na wao wamefunga. Kwenye kiwanja kikubwa mashabiki wa Mbotela walianza kuimba, na wa Jericho wakaanza kuuliza bao limeingia lini. Mwamuzi naye alikuwa amegeuka kutazama runinga mdomo wazi.

Ndipo Jericho walipofunga kweli kwenye kiwanja chao. Owiti akabonyeza. Na pale chini, kwenye mstari wetu, Maringo wakapata bao, mimi nikiwa na mpira kifuani.

"Bao gani?" nikapiga kelele. "Nani kapiga?"

Waithera na wenzake walisimama wakitazamana. Yeye ni mtu mwaminifu, akaninyooshea mikono kuonyesha kwamba hajui. Lakini mashabiki wake walikuwa tayari wanaruka. Tukafunga la pili, nako kule juu wavulana wa Mbotela wakaongezewa la pili ambalo hawakulifunga. Jericho wakavamia kiwanja. Chupa ya maji ikapita hewani, kisha kiatu. Mwamuzi akapuliza filimbi mpaka akaishiwa pumzi, na mechi zote mbili zikavunjika.

Mzee Sylvance akapanda kwenye benchi.

"Mmeona?" alisema. Hakuwa na haja ya kupaza sauti, watu walinyamaza wenyewe. "Wikendi zote hizi kulikuwa na amani. Siku tunaleta wasichana, ndiyo siku mambo yanaharibika. Mimi nilisema. Mechi za wavulana zitarudiwa. Za wasichana zimefutwa."

Watu wengi walipiga makofi. Sitasahau waliopiga, wengine ni majirani zangu.

Celine akatoka barazani akasimama mbele ya benchi. Ni mfupi, ilibidi ainue kichwa sana.

"Mzee, kosa si la wasichana. Kosa liko ndani ya programu, na programu nimeiandika mimi."

"Basi kosa lako na wasichana wako, nendeni nalo pamoja."

"Nitalirekebisha."

"Rekebisha. Kwenu nyumbani."

Watu wakacheka. Celine akabeba kompyuta yake akaondoka, na mimi nilibaki nimekaa kwenye mstari wa goli, glavu zimenibana, nalia kama mtoto. Hooyo alifunga mwavuli akaniambia kwa Kisomali niinuke, kwamba mtu aliyedhulumiwa halii mbele ya waliomdhulumu.

Kesho yake, kanisa lilipoisha, nilikwenda kwa akina Celine. Nilikwenda kugombana. Mama yake, Mama Benta, alikuwa nje akisafisha dagaa wa omena kwa ajili ya soko, akanielekeza ndani kwa kidevu tu. Alijua.

Celine alikuwa mezani na bado amevaa nguo ya kanisani.

"Ulituambia inaweza," nikamwambia.

"Nilisema."

"Mbele ya kamati. Mbele ya yule mzee. Tumefutwa, Celine! Tangu Januari tunakimbia alfajiri, na tumefutwa kwa sababu ya kompyuta yako!"

"Najua." Akageuza kompyuta nione. "Kaa. Nimeliona. Ni neno moja."

Sikutaka kukaa, lakini nilikaa. Akaniwekea kidole kwenye lile neno: static.

"Hilo si ndilo lililotengeneza?" nikauliza.

"Ndilo lililoficha. Sikiliza. Ndani ya programu nimeandika maelezo ya mechi: mechi ni nini, ina timu gani, ina mabao. Hayo ni maelezo tu, kama ramani ya nyumba. Kisha kila mechi inapoanza, kompyuta inajenga mechi yenyewe kutoka kwenye ramani. Jana ilijenga mbili, ya wavulana na yenu. Sawa?"

"Sawa."

"Kila mechi ilipaswa kuwa na kisanduku chake cha mabao ndani yake. Lakini mimi niliogopa kile kisanduku kisife tena kama siku ya kwanza, nikakipa neno hili. Neno hili linakiweka kwenye ramani, si ndani ya mechi. Na ramani ni moja. Kwa hivyo mechi zote mbili zilikuwa zinachovya kwenye kisanduku kimoja: bao la timu ya pili kule likawa bao la timu ya pili kwenu."

Nilitazama nje mlangoni. Kwenye uwanja wa nyumba zao kuna bomba moja ambalo safu nzima wanachotea maji, na kila mlango una mitungi yake.

"Kama bomba la pale nje na mitungi ya ndani," nikasema.

"Haswa. Nilitakiwa kumpa kila mtu mtungi wake. Mimi nikawaacha wote na bomba."

"Na mbona wikendi zile zote ilifanya kazi?"

"Kwa sababu mechi ilikuwa moja. Mtu mmoja akitumia bomba peke yake huwezi kujua kwamba ni la wote. Kosa lilikuwepo tangu siku ile Khalif aliponunua soda. Nyinyi hamkulileta. Nyinyi mmelifichua tu."

Hasira yangu yote ilikuwa imemlenga yeye, na sasa ikahama. Niliona kile kichwa cha Mzee Sylvance kwenye benchi kikisema wikendi zote hizi kulikuwa na amani.

Celine alifuta neno lile. Akahamisha kisanduku mahali pake, kila mechi na chake, kinachozaliwa na mechi na kuishi muda wa mechi hiyo. Tukajaribu: yeye akabonyeza simu yake kama Owiti, mimi nikabonyeza yangu. Wavulana wakapata bao, wasichana wakabaki vile vile. Nikabonyeza mara nyingi kwa fujo, kwa makusudi, nikitaka iharibike. Haikuharibika. Wala hakuhitaji tena kurudisha sifuri kwa mkono, kwa sababu kila mechi mpya ilizaliwa na kisanduku chake kitupu.

"Kuna jambo jingine," akasema. "Mechi ikiisha inapotea. Umeona? Filimbi ikilia, programu inaiachilia. Na kitu ambacho hakuna anayekishika, kompyuta inakuja kukifagia. Ndiyo maana mzee anabaki kutangaza anavyotaka. Sasa nataka mashindano yenyewe yazishike mechi zote. Yakizishika, hazifagiwi mpaka nizime programu. Na kabla ya kuzima ninaziandika kwenye faili, ndiyo zibaki hata baada ya kuzima."

"Hatapenda."

"Asipende."

Mama Benta alikuwa amesimama mlangoni akikausha mikono. "Celine, kabla ya kuendelea na ushujaa wako, utakwenda kwa yule mzee kumwomba radhi. Yule ni rika la baba yako. Watu walitaka kuumizana jana."

"Nitakwenda, mama. Nitaomba radhi kwa kosa langu. Lakini sitaomba radhi kwa sababu wasichana wamecheza."

"Sikukwambia hivyo."

"Ndiyo nasema mapema, nisije nikasahau nikifika."

Mama yake alimtazama, akatikisa kichwa, na nikaona anazuia tabasamu.

Tulikwenda sote wawili siku hiyo hiyo mchana. Mzee Sylvance anakaa Jericho, karibu na soko. Tulimkuta nje ya mlango wake, redio mapajani. Tulimsalimu kwa heshima, akatuletea viti mwenyewe. Nisiseme uongo: alitupokea vizuri.

Celine akamweleza. Hakujificha hata kidogo. Alisema programu ilikuwa na kosa lake, akasema liko wapi, akasema limeondolewa, akaomba msamaha kwa fujo iliyotokea. Mzee alisikiliza akigusagusa kitufe cha redio.

"Nimekusamehe," akasema. "Wewe ni mtoto mwenye akili. Vijana wanaipenda ile runinga, sitaki kuwanyang'anya. Irudishe Jumamosi. Lakini tutarudi kwenye mechi moja moja kama mwanzo. Hapo haina shida, au siyo?"

"Na wasichana?"

"Mwakani tutaona."

Nilimtazama Celine. Nilijua anachopewa. Bila sisi, programu yake ingerudi kupigiwa makofi, kosa au bila kosa. Wanakamati wawili walikuwa wameshaanza kusema watampendekeza kwa watu wenye kazi. Na kazi alikuwa anaitaka.

"Mzee," akasema polepole, "programu inayokwenda sawa kwa sababu nusu ya watu wamefukuzwa haiendi sawa. Ile ya zamani ndiyo ilikuwa hivyo, na sikujua. Sasa najua. Siwezi kuirudisha hivyo."

"Unanikatalia?"

"Nakataa hilo, mzee. Nakuheshimu, lakini hilo nakataa. Jumamosi wasichana watacheza kwenye kile kidogo, na runinga itaonyesha mechi mbili."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Kile kiwanja si cha kamati, mzee. Ni cha mtaa. Sisi ndio huwa tunaokota vigae vya chupa pale."

Alizima redio. "Basi tutaonana Jumamosi," akasema, na hakutusindikiza.

Wiki nzima mtaa uliongea. Wengine walisema Celine ana kiburi kwa sababu ya chuo. Wengine walisema mimi nimesahau dini, hilo nilizoea, nacheza na hijabu yangu na suruali ndefu na bado husemwa. Waithera alinipigia simu kuuliza kama kweli tunacheza bila ruhusa. Nikamwambia tunacheza. Akasema, "Poa. Tukifungwa nataka tufungwe kwa mguu." Tulicheka sana.

Jumamosi ikafika na jua kali. Tulikuwa kiwanjani kabla ya wavulana, tumevaa jezi, na hakuna aliyetufukuza kwa sababu hakuna aliyejua aanzie wapi. Barazani kwa Khalif runinga ilikuwa imewashwa, mistari miwili, sifuri kila mahali.

Mzee Sylvance akaja na vijana wawili wa kamati. Nilikuwa golini, niliona kila kitu na kusikia karibu chote.

"Khalif, zima hiyo kitu."

Kaka yangu si mtu wa ugomvi. Ni mtu wa kuuza chaja. Kamati nzima ni wateja wake. Nilimwona anakuna kidevu, nikaogopa, kwa sababu namjua.

"Mzee," akasema, "hii TV ni yangu. Stima ni yangu. Baraza nalipia mimi. Ukitaka kuja kutazama karibu, nitakupa kiti. Lakini kuzima, sizimi."

"Khalif!"

"Yule golini ni dadangu, mzee. Unataka niende nyumbani nimwambie nini?"

Vijana wa kamati wakatazama chini. Mmoja wao alikuwa kaka wa beki wangu wa kushoto. Mzee akamgeukia Owiti, aliyekuwa akichechemea kuelekea kiwanja kikubwa.

"Wewe, usibonyeze chochote."

Owiti alisimama na simu mkononi. "Sasa mabao yetu yataonekana vipi, mzee? Wasee wanangoja. Mimi nitabonyeza za kwetu. Za wasichana si kazi yangu, lakini siwezi kuwazuia."

Filimbi ikalia kwenye kiwanja kikubwa. Mwamuzi wetu, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, akatazama huku na huku, akapuliza yake. Tukaanza.

Hakuna aliyekuwa anatazama mpira. Nasema kweli, mwanzo wote wa mechi watu walikuwa wanatazama runinga wakingoja iharibike, wengine wakiombea. Celine alisimama kando ya meza, mikono nyuma. Hakugusa kompyuta.

Kelele zikalipuka upande wa wavulana. Jericho wamefunga. Uwanja wetu mzima ukasimama, hata Waithera aliyekuwa na mpira miguuni alisimama. Mstari wa juu ukabadilika. Nikatazama wa chini.

Sifuri kwa sifuri.

Nilisikia hooyo nyuma yangu akisema jambo ambalo wanawake wa umri wake hawatakiwi kusema. Na Waithera, mjanja, alikuwa wa kwanza kuzinduka. Akampita beki wangu aliyekuwa bado anatazama runinga, akapiga chini kushoto. Nilichelewa. Ukaingia. Mstari wa chini ukabadilika, na wa juu ukatulia.

Ndipo watu wakaanza kushangilia, na kwa muda hukujua wanashangilia nani. Mechi mbili, hesabu mbili, kila moja na yake. Baada ya hapo walitazama mpira. Tulisawazisha, kisha tukafunga la ushindi kwa kona ambayo mpaka leo Maringo wanasema haikuwa kona.

Filimbi ya mwisho ilipolia Mzee Sylvance alipanda benchi lake kama kawaida. Akatangaza matokeo ya wavulana. Kisha akasema, "Na hiyo ni mechi moja iliyochezwa leo. Hakuna nyingine ninayoitambua."

Zamani ingeishia hapo. Runinga ingekuwa tupu, na neno lake lingekuwa ndilo neno. Celine akabonyeza kitufe kimoja. Mechi zote mbili zikajitokeza tena, zimekwisha lakini zipo, majina ya timu na mabao ya kila moja.

"Mzee," akasema, na safari hii alisema kwa sauti ili watu wote wasikie, "unaweza usiitambue. Lakini imechezwa, na mashindano yameishika. Siwezi kuifuta, na hata ningeweza, singefuta."

Nikaona watu waliopiga makofi wiki iliyopita wakipiga makofi tena, kwa upande mwingine. Sikuwashukuru. Waithera alipanda barazani, bado ana vumbi, akasema Maringo wamefungwa na wanakubali wamefungwa, na anayesema mechi haikuwepo aje amwonyeshe mahali alipoumia mguu akiwa nyumbani amelala. Mzee Sylvance alishuka kwenye benchi akaondoka.

Kamati ilikaa katikati ya wiki bila yeye kwa mara ya kwanza. Waliamua fainali ya wasichana ichezwe Jumapili kwenye kiwanja kikubwa, kabla ya ile ya wavulana. Walitaka tucheze asubuhi na mapema, wakati watu bado wako kanisani. Tulikataa. Wakasogeza mbele. Bado ilikuwa mapema mno, tukakataa tena. Mwishowe walitupa saa moja kabla ya wavulana, jua likiwa juu na watu wamejaa.

Mzee alikuja kutazama. Hakuwahi kukiri kwamba alikosea, na sidhani atakiri. Alimwambia Khalif kwamba kompyuta ilibahatisha. Lakini alikaa kwenye kiti alichopewa mpaka mwisho.

Fainali tulipoteza. Jericho walitufunga bao moja, na mimi nilitoka golini mapema, kosa langu kabisa, nimelitazama kwenye simu mara nyingi na kila mara natoka mapema. Nilivua glavu nikazitupa. Jumanne yake tulikuwa mazoezini.

Baada ya mashindano, watu wa ligi moja ya Donholm walimpigia Celine. Wamesikia habari zake, wanataka programu, watamlipa vizuri. Nilikuwa naye aliposhika simu. Aliuliza wana timu ngapi za wasichana. Wakamwambia hawana, ligi yao ni ya wavulana tu, kwao haijawahi kuwa shida.

"Basi leteni wasichana," akasema, "au tafuteni mtu mwingine wa kuwaandikia."

Mama Benta, aliyekuwa akisikiliza, alishika kichwa kwa mikono miwili. Kazi yenyewe alikuwa anaitaka bado. Wale watu wa Donholm walikaa kimya siku kadhaa, Celine akijifanya hatazami simu. Kisha ujumbe ukaingia. Walikuwa wanauliza jezi za wasichana ziwe za rangi gani.